Sura ya Nne: Ukili wa Alasiri

Mkono mmoja unashika, mwingine unapitisha. Chane ya ukindu inapanda juu ya mwenzake, inazama chini ya nyingine, inafika ukingoni, inakunjwa na kurudi ilikotoka. Mwenye kusuka haangalii. Vidole vinajua hesabu, na chane ikikaa kombo vinaigundua na kuirudisha mahali pake kabla jicho halijashuka. Ndiyo maana mwanamke wa Makunduchi au wa Micheweni anaweza kusuka huku anazungumza, anacheka, anamtuma mtoto dukani, anaitikia salamu ya mpita njia, na ukili ukaendelea kushuka mapajani mwake umenyooka.

Kila ninapotazama kazi za mikono za kwetu najiuliza swali lile lile: kazi hii inamchukulia mtu nini, na inamwachia nini? Kofia ya viua humchukua macho. Ni kitambaa cheupe kinachotobolewa vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kikazungushiwa uzi kwa mkono, kimoja baada ya kingine, hadi nakshi itokeze, na kofia moja ya maana humkalisha mshonaji kwa miezi. Wanaoshona kofia husogea mlangoni kufuata mwanga, na kundi lao huwa la kusikiliza zaidi kuliko kusema: mmoja anasimulia, waliobaki wameinamia sindano, au redio inazungumza kwa niaba ya wote. Kiondo cha katani, huko Ukambani na Ukikuyuni, huacha miguu huru. Mwanamke huweza kushika njia ya sokoni akisuka na kurudi akisuka, kitako cha kiondo kinaning'inia mbele yake, na rafiki yuko ubavuni. Dema la mvuvi, lenye matundu ya pembe sita, humchukua mtu mwili mzima. Anayelisuka hulizunguka, huliinamia, mwisho huwa kama amekaa ndani yake, na mazungumzo yake ni ya kukatika katika na wanaume wenzake wanaoshona nyavu chini ya mkungu.

Ukili humchukua mtu mikono tu. Mdomo unabaki wake, masikio yanabaki yake, na macho nayo karibu yote. Na kwa kuwa mkeka mmoja unataka ukili mrefu sana, kazi hiyo humpa pia alasiri baada ya alasiri za kuvitumia vitu hivyo alivyoachiwa. Naamini kwa dhati kwamba urafiki wa wanawake wengi wa pwani umejengeka hapo, katika saa zile kati ya sala ya alasiri na magharibi, na ndiyo sababu kazi hii nimeipa sura nzima katika kitabu kinachohusu furaha za nyumbani.

Tuanze na mti wenyewe. Mkindu ni wa jamii ya mtende na hupenda mabonde na mahali penye maji maji. Linalotakiwa ni kuti changa la katikati ambalo bado limefumba. Likishafunguka na kupigwa na jua likiwa mtini huwa gumu, na vidole havilitaki. Likikatwa, huchambuliwa, huanikwa mpaka ukijani uondoke na weupe wake ujitokeze, kisha huchanwa chane nyembamba za upana mmoja. Hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana kabla hajasuka hata shibiri moja, kwa sababu chane zilizotofautiana upana haziwezi kuzaa ukili ulionyooka, hata asuke nani.

Za rangi huchemshwa. Zamani weusi ulitoka katika mdaa na umanjano ulitoka katika manjano yale yale ya jikoni. Siku hizi wengi hununua rangi ya unga dukani: wekundu unaowaka, zambarau, kijani kilichokolea. Kila nyumba ya wasukaji ina sufuria yake ya rangi, iliyobadilika ndani na nje, ambayo haipikiwi tena chakula na haitupwi. Kabla ya kusuka, chane hutiwa maji kidogo au hufungwa katika kitambaa kibichi zilainike. Kavu hukatika. Zilizolowa kupita kiasi huonekana nzuri siku hiyo, lakini ukili ukishakauka hulegea na kuonyesha mwanga katikati. Kwa hiyo pembeni mwa kila msukaji utaona bakuli la maji, na utamwona akichovya vidole viwili bila kukatisha neno lake.

Ukili hupimwa kwa pima, urefu wa mikono miwili ya mtu iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Unapoongezeka huviringishwa kama gurudumu na kutundikwa ukutani. Ukitimia, huunganishwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, ile sindano nene ya mikeka, na mshonaji mzuri huuficha uzi ndani ya pindo la ukili mpaka ukitazama unadhani mkeka umesukwa kwa mara moja. Mkeka wa ukindu ni mwembamba na mlaini. Jamvi la miaa ni zito, la kukanyagwa. Msala ni wa kusalia. Kawa ni la kufunikia chakula. Vyote hivyo huanza kwa mkono mmoja kushika na mwingine kupitisha.

Sasa waje watu. Pahali pa ukili ni uani, au ukumbini kwenye upepo, na mkeka wa kukalia huwa mkongwe uliokwisha kazi yake chumbani. Hakuna anayealika. Mwenye nyumba ametandika, jirani amesikia kikohozi chake, amekuja na ukili wake kwapani. Wa tatu anapitia akienda kwingine na anakaa. Umri haufanani: bibi wa miaka themanini, mke aliyejifungua juzi juzi, msichana aliyerudi chuoni na bado amevaa baibui lake. Hilo nalipenda kuliko mengine yote katika kazi hii. Mambo mengi ya siku hizi huwatenga watu kwa rika, na hapa rika tatu au nne zimekaa kwenye mkeka mmoja zikisikilizana.

Mtoto haambiwi njoo ujifunze. Hupewa chane fupi zilizokatika, zile zisizofaa, akae nazo. Anasuka kitu kama mkanda wa mdoli. Baadaye anasuka kitu kama ukili.

"Bibi, mbona wangu unakwenda upande?"

"Unavuta mkono wa kulia peke yake, mjukuu wangu. Fumua mpaka hapa."

"Kote huku?"

"Kote huko. Ukindu hauna kinyongo."

Na siku moja ukili wake hushonwa katikati ya mkeka wa wakubwa. Hakuna hotuba wala zawadi. Mshonaji anauchukua kutoka ukutani kama unavyochukuliwa wa mwingine yeyote, anauweka ubavuni mwa wa mama yake, anapitisha shazia. Msichana aliyekaa pale anajua. Kila akipita chumbani kwa miaka ijayo atakijua kipande chake hata kama wengine hawakitambui. Katika hesabu ya mafanikio ya maisha, mtihani wa darasa la saba una cheti, na kipande hiki kina mkeka. Mimi naviweka pamoja.

Mikono yenye kazi hufanya jingine ambalo ni vigumu kulipata kwa njia nyingine: huwaruhusu watu kuambiana maneno mazito. Watu wawili waliokaa wakitazamana usoni ni lazima mmoja ashindwe. Wakiwa wote wameinamisha macho kwenye ukindu, neno lina pa kutua. Nimewahi kukaa karibu na majirani wawili ambao kwa muda mrefu walikuwa wakipeana salamu za juu juu tu. Alasiri ile mmoja alisema, bila kuinua uso:

"Mwenzangu, siku ile ya harusi ulinikata."

Mwingine akasuka kidogo. "Nilikukata wapi, shoga?"

"Sare. Mtaa mzima mmeshona, mimi nimesikia ukumbini."

Kimya kikapita, lakini hakikuwa kimya cha kutisha kwa sababu chane zilikuwa zinasikika zikipishana. Kisha yule wa pili akaeleza: fedha za sare zilikusanywa na mtu mwingine, yeye alidhani mwenzake amejitoa kwa sababu ya msiba uliokuwa umempata, akaona haya kumuuliza. "Basi ungeniuliza," akasema wa kwanza. "Basi ningekuuliza," akajibu wa pili. Yakaishia hapo. Mmoja akaomba bakuli la maji, akasogezewa. Ukitaka kujua jamii inasuluhisha vipi magomvi madogo kabla hayajawa makubwa, usiende barazani kwa sheha kwanza. Pita uani.

Mikono ikishughulika, koo nalo hufunguka. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, mwaka 1880, mama yake akiwa mfinyanzi. Siti alivibeba vyungu kwenda kuviuza mjini, na sauti yake ilianza kujulikana kwa kunadi bidhaa ile, kabla ya kujulikana kwa taarabu. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri kwa Kiswahili, na Shaaban Robert akaja kuandika wasifu wake. Watu wanapoisimulia habari hiyo hupenda kukimbilia Bombay. Mimi hubaki kwanza njiani na vyungu. Sauti ya namna ile ilikuzwa na watu waliokuwa wakifanya kazi huku wanaimba, nyumba kwa nyumba, na wengi wao hakuna aliyewarekodi.

Pwani ya mashariki ya Unguja alasiri hizi zina ratiba yake, nayo hupangwa na bahari. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huko mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani hushughulikiwa wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapokauka mbali na vigingi vikaonekana. Siku hizo wanawake wako baharini, maji kiunoni au magotini, wakifunga mbegu kwa vile vikamba viitwavyo tai-tai. Maji mafu yakiingia, bahari haikauki vya kutosha, nao hurudi uani. Kwa hiyo mwezi hugawanyika: nusu yake ya mwani, nusu yake ya ukili, na marafiki ni wale wale. Wazee wao walikuwa na mgawanyo wa namna hiyo kwa makumbi ya nazi, waliyoyafukia mchangani ufukweni kwa miezi mpaka yaoze, wakayafukua, wakayaponda na kusokota usumba kuwa kamba.

Fedha za mwani ziliingiza furaha za aina mpya katika nyumba nyingi, na nasema furaha bila kusita. Godoro. Kabati lenye kioo. Sare ya shule iliyonunuliwa na mama mwenyewe bila kumsubiri mtu. Bati za kuezekea, zikinunuliwa kidogo kidogo na kuegemezwa ukutani zikisubiri wenzake. Nakumbuka mama mmoja aliyeniita nyumbani kwake kunionyesha mlango. Ulikuwa mlango wa mbao wa kawaida, wenye komeo la chuma na kufuli jipya. Aliufunga na kuufungua mbele yangu mara kadhaa, akanipa ufunguo na mimi nijaribu. Kabla ya hapo mlango wa nyumba ile ulikuwa wa makuti. Sijaalikwa kwenye sherehe ya uzinduzi iliyonigusa kuliko hiyo. Baadaye joto la bahari lilipopanda, ule mwani wa bei nzuri, cottonii, ulianza kufa kwenye maji ya kina kifupi, na wapo waliorudi kuutegemea ukili zaidi. Kikundi cha upatu, kinachokutana juu ya mkeka ule ule, ndicho kilichowavusha wengi: kila mmoja anatoa fungu lake, na zamu ikifika unapokea la wote. Mwenye kupokea wiki hiyo kwa kawaida huleta kitu cha kutafuna.

Na hapa niseme habari ya jikoni, kwa sababu ukili na jiko havitengani. Chukua kifumbu, kile kifuko kilichosukwa cha kukamulia tui. Chukua kawa. Mwezi wa Ramadhani, magharibi ikikaribia, utawaona watoto wakivuka mtaa na sinia zilizofunikwa kwa kawa la rangi, na majirani wanajua kwa rangi ya kawa chakula kimetoka nyumba gani kabla hakijafunuliwa. Sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na tambi inarudi na vitumbua, ikija na vitumbua inarudi na ndizi za nazi, na hata kama huna kitu kabisa utaweka embe mbili. Chini ya sahani pamepigwa alama ya rangi ya kucha, herufi au nukta, ili shughuli zikiisha kila chombo kijue kwao.

Ninachopenda kutazama zaidi ni mkate wa kumimina unapopikwa na marafiki wawili. Mchele umelowekwa tangu usiku na kusagwa na tui zito, ukatiwa hamira na hiliki, ukaachwa uumuke. Sukari huingia, na ute wa mayai. Mmoja anakoroga kwa mkono mzima, kiganja kikiupiga mchanganyiko kutoka chini kwenda juu, hadi usikie sauti ikibadilika, kutoka nzito ikawa nyepesi yenye hewa. Mwingine yuko kwenye moto. Sufuria imeshika samli, uji unamiminwa, vitundu vinaanza kufumbuka juu yake kimoja kimoja, kwanza pembeni kisha katikati. Hapo mfuniko huwekwa na makaa hupaliwa juu, na ndipo ubishani huanza. "Punguza, utaunguza uso." "Acha, chini bado mbichi." Aliyeshika koleo ndiye mwenye neno la mwisho. Mkate ukitoka rangi ya dhahabu iliyosawazika, hakuna anayekumbuka nani alisema apunguze.

Kanga nazo zina mahali pao. Kanga huuzwa kwa doti, mbili zikiwa zimeungana, zenye pindo, mji na jina, na duka la Kaderdina Hajee Essak mjini Mombasa limekuwa likifanya biashara hiyo tangu mwaka 1887, kwa alama ya Mali ya Abdulla ambayo kila bibi anaijua. Lakini kanga ikitoka dukani haijamalizika. Inataka kukatwa, kisha kupindwa. Cherehani itaifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Hata hivyo wapo wanaoipinda kwa mkono, mishono midogo iliyolala, na mara nyingi anayepinda si anayevaa. Rafiki anapokununulia doti na kuileta ikiwa tayari imepindwa, amekupa alasiri yake pamoja na nguo. Na marafiki wanaogawana doti moja, huyu kipande na huyu kipande, hutembea mtaani wamebeba neno moja migongoni. Watu wakiwaona wameachana barabarani, mmoja akielekea sokoni na mwingine kisimani, hujua ni wa pamoja.

Hatua kubwa za maisha ya mwanamke hupita zote juu ya vitu hivi. Akijifungua, anaingia katika siku zake 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, hupikiwa supu, na tumbo lake hufungwa kwa nguo, mkaja, lirudi mahali pake. Mama yake, au shangazi, au jirani wa siku zote ndiye anayeufunga, akivuta kwa nguvu na kumuuliza, "Hapo? Niongeze?" Katika siku hizo 40 mikeka ya chumbani haina nafasi tupu. Anayekuja kumtazama mzazi haji mikono mitupu wala hakai dakika mbili. Anakuja na ukili wake, kwa kuwa mzazi anahitaji watu na hahitaji wageni, na tofauti ya mtu na mgeni ni kwamba mtu anaendelea na kazi yake mbele yako. Siku ya arobaini mama na mtoto hutoka nje, wote wananukia udi.

Mtoto yule akiwa wa kike na akaposwa, mkaja ule hurudi. Miongoni mwa malipo ya upande wa mume kuna kilemba cha baba na kuna mkaja wa mama. Fedha zenyewe huenda zikawa ndogo, na siku hizi zinatajwa haraka haraka katika orodha ndefu yenye meza ya kioo na friji. Ningependa zitajwe taratibu. Ni heshima inayotolewa hadharani, mbele ya wazee wa pande mbili, kwa tumbo lililofungwa na kwa mikono iliyolifunga.

Mkeka wa bi harusi huanzishwa mapema, mara nyingi kabla bi harusi mwenyewe hajajua. Mama anaagiza ukindu mwingi kuliko kawaida. Marafiki zake wanaona, hawaulizi, wanaanza kuongeza kasi. Kila mmoja atachangia pima zake. Ukifika wakati wa kushona, mkeka unakuwa na mikono ya watu wengi ndani yake, na mwenye jicho anaweza kukuonyesha: huu wa fulani, anabana sana, huu wa fulani, alisuka akiwa anaumwa, tazama hapa palivyolegea, huu ni wa marehemu, alikuwa ameacha gurudumu lake ukutani. Katika nyumba moja huko kusini niliona kipande cha namna hiyo kikishonwa. Aliyekisuka alikuwa amefariki tangu mwaka uliotangulia. Bibi mwenye shazia alikipima kwa mkono wake, akakiweka upande utakaoelekea kichwani, akasema tu, "Alimpenda sana mtoto huyu," na wote wakaitikia kwa dua. Siku ya harusi mkeka ule ulibebwa pamoja na vyombo vingine kwenda nyumba mpya, umeviringishwa, umefungwa utepe mwekundu, ukipita mtaani mbele ya vigelegele.

Msiba nao hutandikiwa mikeka hiyo hiyo. Ikitokea, hakuna wa kuombwa mara mbili: majamvi na mikeka hutoka nyumba za jirani kabla maiti hajaoshwa.

Mkeka wa plastiki umeingia, na wengi tumeununua. Unapakika vizuri, unafuliwa kwa sabuni, mtoto akiumwagia uji unafutwa. Sina vita nao. Ninachokiona ni kwamba umeuondolea ukili ile kazi ya kutandikwa kila siku na kuuachia siku kubwa, na siku kubwa bado zinautaka. Harusi iliyo na mkeka wa kiwandani peke yake wazee huiona ina upungufu, na vijana nao wameanza kuliona hilo. Wapo wasichana, wenye kazi mjini, wanaoshuka shamba Ijumaa na kurudi Jumapili, ambao wamerudi kwenye ukili kwa sababu siku nzima macho yao yako kwenye kioo cha kompyuta na jioni wanataka kazi inayowaachia macho. Mmoja aliniambia kwamba akisuka anaweza kumsikiliza mama yake kwa saa nzima bila kushika simu. Mama yake alikuwa amekaa pale pale na hakusema kitu, ila alimsogezea chane zilizochanwa vizuri zaidi.

Walio mbali nao hawakuachwa. Wazanzibari wengi wana ndugu Muscat, na mikeka husafiri huko katika mizigo, imeviringishwa ndani ya kanga. Kundi moja la marafiki ninalolijua vizuri lina mwenzao aliyeolewa Muscat tangu ujana. Alasiri humpigia simu ya video, simu wakaiegemeza kwenye bakuli la maji, naye hukaa kwake na kazi yake mkononi, siku nyingine ukindu waliompelekea, siku nyingine kitambaa cha kufuma kwa kroshia. Saa zimepishana kwa saa moja tu, kwa hiyo magharibi yake hutangulia. Akisikia adhana huaga, wao huendelea kidogo.

Mwezi uliopita aliwapa habari kwamba binti yake ameposwa na harusi itakuwa baada ya Mfunguo Tatu. Ukindu uliagizwa siku ile ile. Wanawake saba watausuka, kila mmoja kwake na wote pamoja, na pima zimekwisha kugawanywa. Bibi wa binti huyo anataka wekundu na weusi, kama wa mama yake. Msichana ametuma sauti kutoka Muscat: yeye angependa kijani na nyeupe tu. Mama yake yuko upande wa Bibi lakini hathubutu kusema. Chane za weupe zinachanwa kwanza, kwa kuwa hizo zitahitajika kwa vyovyote vile.